Upande wa nyuma wa daftari: kuishi na MS inapogusa presha, kibofu na joto la mwili

Mimi ni fundi cherehani wa Mwanjelwa, Mbeya. Daftari langu la vipimo lina pande mbili. Ukilifungua mbele utakuta mabega, kifua, kiuno, urefu wa gauni, na nani hajamalizia hela yake. Ukiligeuza ukalifungulia nyuma utakuta tarehe, saa, presha nikiwa nimelala, presha nikiwa nimesimama, na mililita za mkojo. Upande huo nimeuanza miaka sita iliyopita, baada ya kuambiwa nina maltipo sklerosisi, ugonjwa ambao wengi wetu tulio nao tunauita MS basi. Ninayoandika hapa yametoka huko nyuma. Asome mwenye MS, na asome pia anayeishi naye nyumba moja, maana mara nyingi huyo ndiye anayekuona unaanguka.

Watu wakisikia ugonjwa wa mishipa ya fahamu wanawaza mguu unaoburuzwa, mkono wenye ganzi, jicho lililoingia ukungu. Hayo yapo. Ila mwili una kazi nyingine ambazo haukuulizi: kupandisha presha unaposimama, kutoa jasho, kufunga na kufungua kibofu, kusukuma choo. Kazi hizo zina mishipa yake inayojiendesha, na amri zake hupita kwenye ubongo na uti wa mgongo, kulekule ambako MS inaacha makovu. Kinga ya mwili inashambulia mayelini, lile ganda la mafuta linalozunguka mishipa ya fahamu, na amri inafika imechelewa au inafika nusu. Cherehani yangu ya miguu ikilegea mkanda, mimi nakanyaga vizuri, gurudumu linazunguka, ila sindano inaruka mishono. Mwili wangu ndivyo ulivyo.

Kabla hujajipachika ugonjwa huu, ngoja. Kizunguzungu cha kusimama kinaletwa pia na upungufu wa damu, kuharisha, kisukari cha muda mrefu, ujauzito, na hata vidonge vya presha. Ganzi ya miguu na mkojo unaosumbua vinaweza kutokana na upungufu wa vitamini B12, kifua kikuu cha uti wa mgongo au virusi vya UKIMWI, na baadhi ya hayo yana tiba kamili. Daktari ndiye wa kuyaondoa moja baada ya jingine. Mimi nilipimwa yote hayo kabla ya kupelekwa kwenye MRI, ile mashine ya kupiga picha ubongo na uti wa mgongo, nikaona nazungushwa bure. Sasa naelewa.

Kusimama

Nilianguka msibani Kyela, mwezi wa pili. Kyela ni nyumbani, nimezaliwa huko, lakini joto lake na la Mbeya ni nchi mbili. Nilikuwa nimekaa mkekani na kina mama tangu asubuhi, nimekunywa kikombe kimoja tu cha chai kwa kuogopa kwenda chooni kila mara. Tulipoitwa kuaga mwili nikasimama na wenzangu. Giza likaanzia pembeni mwa macho, masikio yakavuma, na nilipozinduka nilikuwa chali, shangazi ananipepea kwa kanga.

“Mwanangu, umechezewa,” akasema.

Sikubishana naye. Msibani hakubishanwi, na shangazi habishiwi. Ila nilikuwa naanza kuhesabu: ilikuwa mara ya nne mwaka ule, na mara zote nne ndiyo kwanza nilikuwa nimesimama.

Mtu yeyote akisimama, damu kama nusu lita hadi lita nzima inashuka kwenye miguu na tumbo. Mishipa inayojiendesha inatakiwa kuibana mirija ya damu papo hapo ili ubongo usikose damu. Kwetu ile amri inaweza kuchelewa. Nimewahi kupimwa presha nikiwa nimekaa kwenye benchi, nikaambiwa iko sawa, nikale vizuri nipumzike. Aliyenipima hakukosea kusoma mashine. Presha ya namna hii ukiipima mtu amekaa tu, haionekani.

Ipime hivi. Azima au nunua mashine ya presha ya mkononi, ile inayofungwa juu ya kiwiko. Lala chali dakika tano bila kuongea, pima, andika namba ya juu, namba ya chini na mapigo ya moyo. Simama. Pima tena dakika moja baada ya kusimama, kisha dakika ya tatu. Awepo mtu karibu yako na kitanda kiwe nyuma yako. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, au ya chini ikishuka kwa 10 au zaidi, hilo lina jina kitaalamu na daktari atalitambua mara moja. Yangu siku ya kwanza ilikuwa 118 kwa 74 nimelala. Dakika ya kwanza 94 kwa 62. Dakika ya tatu 92 kwa 60. Wapo wengine ambao presha haishuki, bali moyo unakimbia: mapigo yanaongezeka kwa 30 au zaidi ndani ya dakika kumi za kusimama. Nayo iandike. Fanya asubuhi tatu tofauti, maana asubuhi ndipo mambo huwa mabaya zaidi, kisha peleka karatasi. Mimi niliingia kwa daktari na ukurasa mmoja, na kwa mara ya kwanza nilikaa chumbani kwake zaidi ya dakika tano.

Kinachonisaidia nitakitaja kwa mpangilio wa siku yangu. Kabla sijatoka kitandani nakunywa vikombe viwili vya maji, karibu nusu lita, kwa mkupuo. Maji yakinywewa haraka hivyo hupandisha presha ndani ya dakika chache, na nafuu yake inaweza kukaa kama saa moja, muda wa kuoga na kuwatayarisha watoto. Nakaa ukingoni mwa kitanda, nachezesha vifundo vya miguu, nahesabu hadi sitini. Halafu najifunga kibwebwe. Nasema kibwebwe kile hasa cha bibi zetu, kitambaa kipana kilichobana tumbo kuanzia chini ya mbavu hadi nyonga, kwa sababu damu nyingi hujificha tumboni kuliko miguuni. Soksi ndefu za kubana nazo zinafanya kazi, ila kuzivaa ni vita. Mimi nimejishonea mkanda wa kitenge wenye lastiki na vishikizo vya kunata. Nauvaa nikiwa bado nimelala na kuuvua ninapolala. Wateja wawili waliojifungua wameniomba niwashonee, hela ya sabuni nimepata.

Nikiwa nimesimama muda mrefu, kwenye foleni ya benki kwa mfano, napishanisha miguu na kukaza mapaja na makalio. Chakula nagawa kidogo kidogo, kwa sababu sahani ya wali iliyojaa inavuta damu tumboni na saa moja baadaye nayumba. Pombe, iwe bia au ulanzi wa Iringa, inashusha presha na kuongeza mkojo kwa wakati mmoja; nimeiacha bila kuapa. Miguu ya kitanda ya upande wa kichwani imekaa juu ya matofali, kimo cha kama sentimita 15, na hilo limenipunguzia pia kuamka usiku kukojoa. Chumvi usiongeze mpaka daktari akuruhusu, kwa sababu kuna watu ambao presha yao inashuka wakisimama na kupanda mno wakilala.

Chooni sasa. Choo cha kuchuchumaa ni mtego. Unachuchumaa dakika kadhaa, unajikamua, unainuka ghafla, na sakafu ni ya saruji. Nilimwendea seremala jirani nikamwambia nataka kigoda chenye tundu, akacheka, “Mama, hicho cha wazee!” Nikamwambia mimi ndiye mzee mwenyewe. Kina miguu minne na sehemu ya kushikia pande zote mbili. Nikipewa nafasi ya kununua kitu kimoja tu tangu niugue, ningenunua hicho.

Kibofu

Hapa ndipo watu wanapoumia kimyakimya, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Kibofu kinaharibika kwa njia mbili. Kuna kinachoshindwa kushika: umebanwa ghafla, mlango uko hatua tano, hufiki. Na kuna kinachoshindwa kumwaga: unakaa, unasubiri, yanatoka matone, unainuka, na baada ya robo saa umebanwa tena. Ubaya wa MS ni kwamba mtu mmoja anaweza kuwa na yote mawili, yaani kibofu kinakaza kusukuma wakati mlango wake nao umekaza. Kwa macho yako wewe unaona jambo moja tu, kwamba unakwenda sana chooni. Ukipewa dawa ya kutuliza kibofu bila kupimwa mkojo unaobaki ndani, unaweza kuziba kabisa.

Andika siku tatu. Nunua jagi la plastiki lenye mistari ya mililita, lisiingie tena jikoni. Andika saa, ulichokunywa na kiasi chake, kilichotoka, na kama ulilowa. Mtu mzima asiye na shida mara nyingi hutoa mililita 300 hadi 500 kwa safari moja. Mimi nilikuwa natoa 80, 110, 60, safari kumi na nne kwa siku. Kisha nikaomba utrasaundi baada ya kukojoa. Kulikuwa kumebaki mililita 180. Kwa miezi mingi nilikuwa nimemeza dawa za UTI za kununua dirishani, kozi baada ya kozi, na mkojo haujaoteshwa maabara kuona kama una wadudu hata mara moja.

Mkojo unaobaki ndani ndio unaoleta UTI za kujirudia. Njia ya kwanza ni rahisi: ukimaliza kukojoa usiinuke, subiri dakika mbili tatu, inama mbele, jaribu tena. Usilikandamize tumbo kwa nguvu. Ikishindikana kuna mpira mwembamba wa kutolea mkojo, na hapa nilitaka kukimbia. Niliwaza mgonjwa wa wodini mwenye mfuko unaoning’inia. Muuguzi akaniambia, “Dada, huu si wa kukaa nao. Unauingiza, unamwaga, unautoa, unakwenda zako kushona.” Ndivyo ilivyo. Unanawa mikono kwa sabuni, unajisafisha, unapaka jeli ya maji, wala siyo mafuta ya mgando, unaingiza taratibu mpaka mkojo uanze kutoka. Nilijifunza kwake kwa kioo, mara tatu, na wewe jifunze kwa muuguzi, usijifunzie kwenye maandishi yangu. Mimi natumia asubuhi na kabla ya kulala. Tangu hapo, usiku nakwenda chooni mara moja, na siku nyingine siendi kabisa.

Kosa tunalofanya karibu wote ni kuacha maji. Ukiacha maji, mkojo unakuwa mzito na kukichoma kibofu, choo kinakuwa kigumu, na presha inashuka zaidi. Ile siku ya Kyela ni mfano. Kunywa lita moja na nusu hadi mbili kwa siku, ila usogeze ratiba: mengi asubuhi na mchana, kidogo baada ya saa kumi na mbili jioni. Kilichopaswa kupungua kwangu kilikuwa chai. Mbeya kuna baridi, Rungwe wanatuletea majani, Mbozi wanatuletea kahawa, na mimi nilikuwa nakunywa vikombe vitano vyenye rangi kama udongo. Vyote viwili vinachokoza kibofu. Nimeshuka hadi kimoja cha asubuhi, taratibu, kwa wiki tatu, kwa sababu ukiacha ghafla kichwa kitakuuma.

Safari ya basi kwenda Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 800. Nakata siti ya upande wa njia, karibu na mlango. Konda namwambia kabla basi halijaondoka, kwa sauti ya kawaida, “Kaka, nina ugonjwa wa kibofu, nitakuomba unisimamishie nichimbe dawa.” Hakuna konda aliyewahi kunikatalia nikimwambia mapema; wanaokasirika ni wale unaowashtua katikati ya mlima. Navaa pampasi ya watu wazima, nabeba kitenge cheusi cha ziada, mpira mmoja safi, na chupa ya maji ambayo nakunywa mafunda madogo mwendo mzima.

Joto

Mwaka 1890 daktari wa macho Mjerumani, Wilhelm Uhthoff, aliandika kuhusu wagonjwa wa MS ambao macho yao yalififia wakifanya mazoezi, kisha yakarudi wakipumzika. Baadaye ikajulikana kuwa chanzo ni joto la mwili kupanda. Mshipa uliochunwa mayelini unapitisha amri vibaya zaidi ukipata joto, na kupanda kwa nusu nyuzi tu kunaweza kutosha. Kabla ya MRI kuwepo, madaktari walikuwa wanamtumbukiza mtu kwenye maji ya moto ili waone kama dalili zitatokea. Sisi tunajipima hivyo wenyewe kila asubuhi ya Julai, na ndoo inayofuka moshi.

Nilikuwa naingia bafuni natembea na kutoka nashika ukuta. Nikadhani ugonjwa unakimbia. Kumbe ni maji. Sasa naoga ya vuguvugu, naoga nimekaa, mlango sijaufunga kwa komeo. Pasi ya mkaa nimempa kijana wangu wa kazi. Mimi nakata na kushona. Basi likishuka Kitonga kuelekea Ruaha Mbuyuni na hewa ikabadilika, tayari nina kanga mbichi shingoni na chupa ya kupulizia maji usoni. Wengi wetu hatutoi jasho vizuri, kwa hiyo maji unayojipulizia ndiyo jasho lenyewe. Ukipoa, dalili zinarudi nyuma ndani ya dakika chache au saa kadhaa, na hakuna kovu jipya lililoongezeka. Hilo lilinipunguzia hofu kuliko kidonge chochote.

Homa inafanya vilevile. Ukiamka miguu haina nguvu, kabla hujasema MS imeshambulia upya, pima joto, pima malaria hasa kama umetoka Kyela au Usangu, na pima mkojo. Shambulio jipya la kweli huendelea angalau saa 24 bila homa wala maambukizi. UTI ndogo isiyouma inaweza kukulaza kama shambulio, na ukiitibu unainuka.

Baridi nayo ina yake. Miguu yangu inakuwa ya zambarau na misuli inakakamaa. Soksi mbili zinatosha. Chupa ya maji ya moto kitandani niliiacha siku nilipoamka na lengelenge la ukubwa wa kifungo cha koti kwenye kisigino, sikuwa nimehisi chochote. Jiko la mkaa chumbani usiingize kamwe, mwenye MS na asiye na MS.

Choo, na mengine kwa ufupi

Choo kigumu kinabana kibofu na kuongeza kila kero niliyokwisha kuitaja. Utumbo unaamka baada ya kula, kwa hiyo nakula kifungua kinywa, nasubiri dakika ishirini hadi thelathini, nakwenda, kila siku saa ileile, hata kama sisikii haja. Maharage, mboga za majani, na parachichi ambalo huku kwetu ni la kuokota. Vyakula hivyo bila maji vinageuka gundi. Ikipita siku tatu natumia dawa ya kulainisha niliyoandikiwa.

Chumbani na mume: ukavu, hisia zilizopungua, hofu ya kulowa. Kwa wanaume ni kushindwa kusimamisha. Hayo ni mishipa ileile, na yana tiba, siyo mapenzi yaliyokwisha. Namwaga kibofu kwanza, natumia jeli ileile ya maji, tunawahi kabla uchovu haujanifika. Kaka yangu, dawa za nguvu zinazouzwa stendi zinaweza kukushushia presha mpaka chini, muulize daktari.

Ukienda kliniki beba dawa zako zote kwenye mfuko. Tizanidini ya kulegeza misuli inashusha presha. Amitriptilini ya maumivu ya ganzi inashusha presha ya kusimama, inazuia mkojo na kukausha choo. Oksibutinini ya kibofu inakausha mdomo na choo. Usiache mwenyewe, ila uliza kila moja: inanisaidia wapi, inaniharibia wapi? Kwangu kuhamishia amitriptilini usiku na kupunguza kipimo kulirudisha namba ya kusimama juu ya 100.

Usisubiri kliniki ukishindwa kabisa kukojoa na tumbo limejaa, ukipata homa yenye maumivu ya ubavuni, ukianguka ukapiga kichwa, au ukipata maumivu ya kifua. Na hili ni la nadra kwenye MS lakini wenye kovu la juu kwenye uti wa mgongo walijue: kichwa kinagonga kama nyundo, uso unawaka na kutoa jasho, presha imepanda ghafla, mara nyingi kwa sababu kibofu au utumbo umejaa. Hapo usimlaze mtu. Mkalishe wima, legeza nguo, mwaga kibofu, na mkimbizeni hospitali.

Kuanguka kwangu mimi ni kinyume chake, ndiyo maana ndani ya jalada la daftari nimeandika kwa wino mwekundu: “Nina MS. Nikianguka ghafla nimesimama, nilazeni chali, inueni miguu. Msinikalishe kwenye kiti. Nikiamka nipeni maji.” Chini yake namba ya mume wangu na majina ya dawa. Shangazi hasomi bila miwani, kwa hiyo nilimsomea kwa sauti, mara mbili, na safari iliyofuata Kyela alikuwa wa kwanza kuniuliza kama nimefunga kibwebwe.